Rangi Nyekundu Kwenye Breki: Makosa ya Leo na Historia Yake



Simama dakika kumi tu kando ya Barabara ya Njiro hapa Themi, halafu angalia matairi yanayopita badala ya kuangalia magari yenyewe. Haitachukua muda utaona Subaru au Crown ikipita, na nyuma ya rimu kuna kitu chekundu kinang'aa. Hicho ndicho kalipa, yaani ile sehemu inayobana pedi za breki kwenye diski. Gari lilipotoka Japani kalipa hiyo ilikuwa na rangi ya chuma tu. Nyekundu imewekwa hapahapa Arusha, mara nyingi nyumbani, kwa jeki, msasa, kopo la rangi ya kupuliza na video moja ya YouTube.

Je, ni vibaya? Hapana. Rangi nzuri inazuia kutu, na kama unalipenda gari lako ni haki yako kulipendezesha. Ila breki ni sehemu yenye tabia yake. Ukikosea rangi ya mlango, utachekwa. Ukikosea hapa, unaweza kukanyaga pedali kwenye mteremko na usipate unachokitarajia. Na kuna upande mwingine ambao hauongelewi sana: mwili wa mtu aliyeshika lile kopo na ile brashi.

Leo sitakupa orodha ya masharti tu. Nataka tuangalie kila kosa limetoka wapi, kwa sababu karibu kila sharti unalolisikia kuhusu breki na rangi kuna mtu alilipia ili sisi tulijue.

Kwanza, breki yenyewe ilitoka wapi?

Mwezi Agosti 1888, mama mmoja wa Kijerumani aitwaye Bertha Benz alichukua gari alilolitengeneza mumewe, Karl, akaondoka Mannheim kwenda Pforzheim na wanawe wawili wa kiume. Ni kama kilomita 100, na hakuna aliyekuwa amewahi kusafiri umbali huo kwa gari la injini. Breki zake zilikuwa magogo ya mbao yanayosugua tairi. Njiani mbao zikaanza kuisha. Bertha akamtafuta fundi viatu, akamwambia apigilie ngozi juu ya ile mbao. Hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa laini ya kwanza ya breki duniani. Kwa hiyo leo fundi wako akikwambia "viatu vya breki vimeisha", ujue kwamba mwanzoni kabisa kweli fundi viatu alihusika.

Mwaka 1902 mambo mawili yakatokea karibu kwa pamoja. Ufaransa, Louis Renault alipata hataza ya breki ya dramu, ambayo viatu vinatanuka ndani ya ngoma ya chuma. Uingereza, Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya diski. Ya Renault ilienea haraka. Ya Lanchester ilibana diski kwa shaba, ikapiga kelele za kuumiza masikio, na wazo zuri likakaa pembeni kwa karibu miaka 50.

Tatizo likawa moja: nini kiwekwe pale panaposugua? Ngozi inaungua. Mbao inaungua. Pamba iliyolowekwa kwenye lami inaungua pia. Jibu lililopatikana ndilo linalotuleta kwenye kosa la kwanza.

Kosa la kwanza: kupuliza vumbi kwa kompresa

Mwingereza Herbert Frood alianza kutengeneza laini za breki mwaka 1897. Kampuni yake ndiyo Ferodo, jina ambalo mafundi wengi wanalijua kwenye maboksi ya pedi. Ni jina la Frood lenye herufi zilizochanganywa na E moja iliyoongezwa. Karibu mwaka 1908 akaanza kutumia asbesto. Asbesto ni madini yenye nyuzi laini kama pamba, lakini haiungui. Kwa breki ilikuwa kama zawadi kutoka mbinguni, na kwa miongo mingi karibu kila gari duniani lilikuwa na asbesto ndani ya magurudumu yake.

Bei ya zawadi hiyo ilianza kuonekana mapema. Mwaka 1924, mfanyakazi wa kiwanda cha asbesto mjini Rochdale, Uingereza, aitwaye Nellie Kershaw, alifariki akiwa na miaka 33 tu. Daktari William Cooke alipochunguza mapafu yake aliyakuta yamejaa makovu na chembe za madini, akaandika kisa hicho kwenye jarida la kitabibu. Mwaka 1931 Uingereza ikatunga kanuni za kwanza za kudhibiti vumbi la asbesto viwandani. Baadaye ikathibitika kwamba vumbi hilo linasababisha pia saratani ya mapafu na mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu. Ubaya wake ni kwamba ugonjwa hauji leo. Unaweza kuvuta vumbi ukiwa kijana wa miaka 20 na ukaugua ukiwa na 50 au 60. Hakuna anayekumbuka kuunganisha nukta hizo mbili.

Umoja wa Ulaya ulipitisha marufuku mwaka 1999, na nchi wanachama zikapewa hadi mwanzoni mwa 2005 kuitekeleza. Marekani ilijaribu mwaka 1989, mahakama ikaitengua sehemu kubwa ya marufuku hiyo mwaka 1991, na ni mwaka 2024 tu ndipo aina ya asbesto iliyokuwa bado inatumika nchini humo ikapigwa marufuku rasmi. Ona urefu wa safari: kutoka kifo cha Nellie Kershaw hadi 2024 ni miaka 100 kamili.

Sasa rudi Arusha. Mji huu una Land Rover za zamani zinazoendelea kupiga kazi, kuna lori zenye umri wa babu, na kuna spea zisizo na maandishi ya kueleweka. Huwezi kujua kwa macho kama vumbi jeusi ndani ya dramu lina asbesto au halina. Na hata pedi za kisasa zina chembe za metali ambazo mapafu hayazihitaji. Kwa hiyo kabla ya kupaka rangi, kosa kubwa la kwanza ni kuchukua hewa ya kompresa na kupuliza, au kusugua kwa brashi ya waya vumbi likiwa kavu, huku watoto wa jirani wamekaa pembeni wanaangalia.

Njia sahihi ni ya kizamani na haina gharama: lowanisha. Maji yenye sabuni, taratibu, yasiruke, kisha futa kwa tambara. Tambara hilo lifungwe kwenye mfuko likiwa bado bichi na litupwe. Usilifue. Ukimaliza, nguo za kazi zisichanganywe na nguo za familia.

Kosa la pili: kusafisha kwa chochote kinachokata mafuta

Rangi haishiki juu ya grisi. Kila mtu anajua hilo, kwa hiyo kila mtu anatafuta kitu cha kukata mafuta, na hapa historia ina visa vitatu.

Kisa cha kwanza ni petroli. Gereji nyingi bado zinasafishia vyuma kwa petroli, na mafundi wanaoshea mikono. Kwa miongo mingi petroli hiyo ilikuwa na risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwezi Juni 2001 kuiondoa, na kufikia mwanzoni mwa 2006 petroli ya risasi ilikuwa imeacha kuuzwa karibu ukanda mzima. Hiyo ni hatua kubwa, lakini benzini imebaki, nayo inaharibu uboho wa mifupa unakotengenezwa damu. Bila kusahau kwamba mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: unatambaa chini, unatafuta jiko la mkaa la jirani, na moto unarudi ulipo wewe.

Kisa cha pili ni viyeyusho vyenye klorini. Vinasafisha vizuri mno na haviwaki kirahisi, ndiyo maana vilipendwa sana gereji. Shida ni kwamba vikikutana na chuma cha moto sana, au mwali wa kuchomelea, vinaweza kutoa fosjeni. Fosjeni ndiyo gesi iliyoua askari kwa maelfu kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo kupuliza kisafishio cha breki halafu kuchomelea palepale kabla hakijakauka kabisa ni mchezo mbaya kuliko unavyoonekana.

Kisa cha tatu kinafundisha zaidi. Klorini ilipoanza kukwepwa, watengenezaji wakaweka kiyeyusho kingine, heksani. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990, fundi kijana huko California, Marekani, alianza kuhisi ganzi mikononi na miguuni. Alikuwa akitumia makopo ya kisafishio cha breki siku baada ya siku. Wachunguzi wa afya walipofuatilia wakapata mafundi wengine wenye dalili kama zake, na taarifa ikachapishwa mwaka 2001. Maelezo ya kisayansi ni haya: ini linabadilisha heksani kuwa kemikali nyingine inayoshambulia mishipa ya fahamu, ikianzia na ile mirefu kuliko yote, inayokwenda miguuni na mikononi. Ndiyo maana ganzi huanzia kwenye vidole. Waliondoa sumu moja wakaleta nyingine, kwa nia nzuri kabisa.

Somo letu ni dogo tu: soma kopo. Anza na maji ya moto na sabuni ya kuondoa mafuta, maliza na kisafishio kidogo cha breki, nje, upepo ukivuma kutoka mgongoni kwako, ukiwa umevaa glovu. Na maji machafu usiyaelekeze mtaroni. Sisi wa Themi hatuna kisingizio hapa. Mto unaobeba jina la kata yetu unatoka miteremko ya Meru, unapita katikati ya jiji, na huko chini watu wanamwagilia mboga kwa maji yake kabla hayajaungana na Kikuletwa na kuelekea Pangani. Mchicha unaoununua sokoni Jumamosi unaweza kuwa umekunywa kilichomwagwa gereji Jumatatu.

Kosa la tatu: rangi yoyote, ilimradi nyekundu

Twende kwenye hesabu kidogo, usiogope.

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Chukua Land Cruiser ya watalii yenye uzito wa tani 3 na abiria wake, inateremka kutoka ukingo wa Ngorongoro hadi sakafu ya kreta, kina cha takribani mita 600. Nishati inayopaswa kuondolewa ni uzito mara mvutano wa dunia mara kimo: 3,000 × 9.8 × 600, yaani kama megajuli 17.6. Kiasi hicho kinatosha kuchemsha zaidi ya lita 50 za maji baridi. Dereva mzuri anashusha gia ili injini ibebe sehemu kubwa ya mzigo. Dereva anayeegemea pedali tu anaipeleka karibu yote kwenye vipande vichache vya chuma nyuma ya rimu.

Sasa fikiria rangi uliyopaka pale. Historia ya rangi za magari ni historia ya kutafuta kasi ya kukauka. Mwanzoni gari lilipakwa kama farasi wanavyotengenezewa mkokoteni, rangi za mafuta na vanishi, tabaka juu ya tabaka, kazi ya wiki kadhaa. Kati ya 1923 na 1924, DuPont na General Motors wakaleta Duco, rangi ya nitroselulosi, na kazi ya wiki ikawa ya siku chache. Lakini nitroselulosi ni ndugu wa baruti. Kukauka haraka inaweza, joto haipendi kabisa.

Rangi inayovumilia joto ilihitaji kemia nyingine. Huko Nottingham, Frederic Kipping alikuwa ametumia miongo kadhaa akichunguza misombo ya silikoni bila kuona ina faida gani ya maana. Mwaka 1940 Eugene Rochow wa General Electric akagundua njia rahisi ya kuitengeneza kwa wingi, na mwaka 1943 kampuni ya Dow Corning ikaanzishwa, wakati vita vinadai vifaa vya ndege vinavyostahimili joto. Mnyororo wa silikoni na oksijeni una vifungo imara kuliko ule wa kaboni kwa kaboni ulio kwenye rangi za kawaida. Makopo mengi yanayoandikwa "joto kali" yanatokana na kizazi hicho.

Kwa hiyo ukipaka kalipa rangi ya geti, siku ya mteremko mrefu italainika, itabadilika rangi, itapasuka na kubanduka. Vipande vinavyobanduka vinaweza kuingia palipo na kazi. Tafuta rangi iliyoandikwa kwamba ni ya kalipa au ya joto kali, na fuata maelezo ya kopo kuhusu kukausha, kwa sababu nyingi za aina hii haziivi kabisa mpaka zipate joto lililopangwa hatua kwa hatua. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, hewa ya Arusha ina unyevu na asubuhi ni baridi. Subiri mchana mkavu.

Neno moja kuhusu rangi za kuchanganya na hadena. Nyingi zina isosianati, kemikali zilizofungua mlango wa poliyurethani baada ya ugunduzi wa Mjerumani Otto Bayer mwaka 1937. Rangi inatoka ngumu na inang'aa sana. Lakini isosianati ni moja ya sababu kubwa za pumu ya kazini kwa wapulizaji wa rangi za magari, na mwili ukishaikataa, kiasi kidogo tu kinatosha kukubana kifua. Kitambaa puani hakizuii mvuke. Hiyo waachie wenye chumba cha kupulizia na barakoa ya kupelekewa hewa safi.

Kosa la nne: kusahau mafuta na mipira

Breki za mwanzo ziliendeshwa kwa vyuma na kebo. Mwaka 1917 Malcolm Loughead aliomba hataza ya breki ya majimaji, na mwaka 1921 gari la Duesenberg likawa la kwanza kuuzwa likiwa na mfumo huo kwenye magurudumu yote manne. Loughead ndiye yule ambaye jina lake baadaye liliandikwa Lockheed. Henry Ford yeye aligoma, akaendelea na vyuma mpaka magari ya mwaka 1939.

Majimaji yaliyotumika mwanzoni yalikuwa mafuta ya nyonyo na alkoholi. Kwa nini wasitumie oili tu? Kwa sababu mipira ya ndani ilikuwa ya mpira asilia, na oili ya petroli inaivimbisha na kuiozesha. Kanuni hiyo bado ipo. Mipira mingi ya mfumo wa breki leo ni ya aina nyingine, lakini nayo inavimba ikikutana na petroli, mafuta ya taa au grisi ya kawaida. Mtu anayeosha kalipa nzima kwa petroli anaweza kuwa anaandaa mpira utakaokwama au kuvuja wiki kadhaa baadaye, na hatakumbuka kuihusisha na siku ile ya kupaka rangi.

Mafuta ya breki yanayotumika sasa, DOT 3 na DOT 4, yana familia ya glikoli. Yana tabia mbili unazopaswa kuzijua. Ya kwanza, yanakula rangi. Tone moja likidondokea kalipa uliyoipaka jana, au ubavu wa gari, osha kwa maji mara moja. Ya pili, yananyonya unyevu wa hewani. DOT 3 mpya inapaswa kuvumilia angalau nyuzi joto 205 kabla ya kuchemka. Ikishanyonya maji, kiwango kinachodaiwa ni 140 tu. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unagandamizika, na pedali inazama mpaka chini. Kwa hiyo usifungue bomba la breki bila sababu eti upake vizuri. Kalipa inaweza kuning'inizwa kwa waya imara bila kuifungua kwenye bomba lake, ila isining'inie kwa bomba lenyewe. Na kama bomba limefunguliwa, lazima upepo utolewe kwenye mfumo. Kama hujawahi kuifanya kazi hiyo, muite fundi.

Kosa la tano: kupaka kila kinachoonekana

Wazo la Lanchester lilirudi na kishindo mwaka 1953. Jaguar C-Type zilizofungwa diski za Dunlop zilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, zikichelewa kukanyaga breki kuliko wapinzani wenye dramu na bado zikikata kona. Mwaka huohuo hapa kwetu kulianza mashindano ya Coronation Safari, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye yakawa Safari Rally. Miaka miwili baadaye Citroën DS ikaleta diski za mbele kwenye gari la familia linalouzwa kwa wingi.

Uzuri wa diski ni kwamba ipo wazi, inapoa haraka. Ila uwazi huohuo ndio umetufanya tuione, na tukaanza kuipamba. Porsche 911 Turbo ya mwaka 1995 ilikuwa na kalipa kubwa nyekundu, na tangu hapo nyekundu ikawa na maana ya "gari hili lina kasi". Watu wakaanza kununua maana hiyo kwa bei ya kopo moja.

Tatizo ni kwamba kalipa za magari yetu mengi ni za kuteleza: zina pistoni upande mmoja tu, na mwili mzima unatembea juu ya pini mbili ili kubana pedi zote sawa. Ukijaza rangi pasipotakiwa, haitembei tena. Pedi moja inaisha, nyingine iko mpya, gari linavuta upande, na joto linapanda. Hivyo basi, funika kwa gundi ya karatasi au usipulize kabisa sehemu hizi:

- Uso wa diski unaosuguliwa na pedi, na ndani ya dramu. Rangi hapo ni kama grisi mpaka iishe, na mabaki yake yanaziba pedi.
- Pedi zenyewe, na mahali masikio ya pedi yanapoteleza.
- Pini za kalipa na mipira yake.
- Pistoni na mpira wake wa kuzuia vumbi.
- Nati ya kutolea upepo. Ikiziba kwa rangi, siku ya kuifungua inavunjika.
- Sensa ya ABS na waya wake.
- Uso wa habu unaogusana na diski au rimu, na nyuzi za stadi.

Hiyo ya mwisho wengi hawaijui. Rangi katikati ya vyuma viwili vilivyokazwa ni kama karatasi laini: ikipata joto na mtikisiko inasagika, unene unapungua, na nati ulizozikaza kwa nguvu sahihi zinakuwa zimelegea bila mtu kuzigusa. Ni tairi linalozungumziwa hapo.

Uongo mmoja tuuzike

Utasikia kijiweni: "Usipake rangi, inafungia joto." Wengine: "Paka nyeusi tu, nyekundu inapasha." Fizikia ilishalijibu hili zamani. Mwaka 1804 Mskoti John Leslie alichukua boksi la chuma lenye maji ya moto, kila upande akaupa uso tofauti, akapima joto linalotoka. Upande wa chuma kilichong'arishwa ulitoa joto kidogo kuliko upande uliopakwa. Yaani rangi haikuzuia joto kutoka kwa mnururisho; ilisaidia. Na kwa joto lisiloonekana kwa macho, nyekundu, nyeusi na nyeupe hazitofautiani sana. Isitoshe, sehemu kubwa ya joto la breki inaondolewa na hewa inayopita kwenye diski, ambayo wewe huipaki. Tabaka jembamba halina shida. Tabaka nne nene, zenye matone, ndizo za kuogopa, kwa kuwa zinaziba nafasi na kubanduka.

Kosa la mwisho: kuamini rangi

Hili ndilo linalonisumbua zaidi kama mtu anayesoma historia ya ufundi. Rangi inaficha. Kalipa iliyopakwa vizuri inaweza kuwa na ufa, inaweza kuwa inavuja, pini zinaweza kuwa zimeganda, na jicho la mnunuzi likaona tu kitu kipya. Kwa hiyo ukinunua gari lenye kalipa za kung'aa, mwambie fundi avue tairi. Na ukiwa wewe ndiye mpakaji, kagua kwanza, tengeneza pili, paka tatu. Kukiwa na unyevunyevu kuzunguka pistoni, rangi isubiri.

Ukimaliza yote, kaza nati za tairi kwa mpangilio wa msalaba. Kisha, kabla hujawasha gari, kanyaga pedali ya breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kwa sababu pistoni zilizosukumwa nyuma wakati wa kazi hazirudi zenyewe, na mkanyago wa kwanza unaweza kuzama mpaka chini. Tembea polepole mahali tambarare pasipo na watu, simama, rudia. Baada ya kilomita 50 hivi kagua tena ukazaji wa nati. Mteremko wa Mto wa Mbu uje baadaye.